Pikapu Kwenye Foleni: Kufuatilia Joto la Injini na Gia Boksi Kabla Gari Halijachemsha

Maswali ninayoulizwa kuhusu pikapu na foleni ni yale yale, hubadilika muulizaji tu. "Simu inaniambia nyuzi 101 lakini mshale wa temperecha uko katikati, nani mkweli?" "Sijabeba hata kiroba, mbona gia boksi inapanda joto?" "Temperecha ikipanda nizime injini au niiache?" Nimechoka kujibu kwa vipande, kwa hiyo hapa nimeyaweka yote kwa mpangilio. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Nadharia ni fupi, ila usiiruke. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaoingia mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupoza rejeta. Foleni ikisimama upepo huo haupo, na injini inabaki mikononi mwa feni peke yake. Ndiyo maana gari lenye feni mbovu linaweza kukimbia kilomita mia mbili barabara kuu bila tatizo, halafu likachemsha kwenye makutano ya kwanza ya mjini.

Gia boksi ya otomatiki ina habari yake tofauti. Kati yake na injini kuna toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kurusha oili kutoka kwenye panga boi moja kwenda kwenye jingine. Mwendo ukitulia, klachi iliyo ndani yake, inayoitwa lokapu, hufunga na pande mbili zikazunguka kama kitu kimoja. Kwenye mwendo wa kutambaa lokapu haifungi. Oili inateleza, na kila mtelezo ni joto. Mzigo una mchango wake, lakini hata pikapu tupu huteleza hivyo hivyo. Kwa kifupi: kwenye foleni injini inategemea feni, na gia boksi inategemea mguu wako.

UWE NA NINI KABLA YA KUANZA

- Kitabu cha gari lako. Nikitaja namba hapa na kitabu kikisema vingine, fuata kitabu.
- Kifaa cha OBD (kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari) cha kuchomeka chini ya usukani, chenye Bluetooth au Wi-Fi, na programu ya simu ya kukisoma. Torque na Car Scanner ni miongoni mwa zinazotumika sana. Usinunue kifaa cha bei ya chini kuliko vyote. Vingi vya namna hiyo husoma joto la injini vizuri lakini hushindwa amri za ziada zinazohitajika kusoma gia boksi.
- Kishikio cha simu. Simu ya mapajani ni ajali inayosubiri.
- Kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola. Si lazima, ila ukikipata kitakuokolea muda mwingi.
- Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri.
- Tochi, glavu, kitambaa kizito, na daftari. Daftari sitanii. Utaiona kazi yake kwenye hatua ya 5.

HATUA

1. Kagua gari likiwa baridi kabisa

Asubuhi, kabla ya kuwasha. Fungua kifuniko cha rejeta, kama gari lako linacho, na uangalie kulanti imefika shingoni. Kuangalia chupa ya akiba peke yake hakutoshi: chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ina upungufu, kwa sababu kifuniko kibovu hakirudishi kulanti ndani injini inapopoa. Angalia rangi pia. Maji ya kahawia kama chai ni kutu, na kutu hiyo hiyo imeshaanza kuziba mirija ya rejeta.

Kibonye kifuniko chenyewe. Mpira wake umepasuka? Springi imelegea? Watu hubadilisha rejeta nzima wakaacha kifuniko cha zamani. Kazi yake ni kushikilia shinikizo. Maji matupu usawa wa bahari huchemka nyuzi 100. Yakiwekewa shinikizo la ziada la bar 1 huchemka karibu nyuzi 120. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu, chini ya shinikizo hilo hilo, hufika karibu nyuzi 129. Kifuniko kikivuja, nafasi yote hiyo imepotea, na ukiwa nyanda za juu ni mbaya zaidi, maana maji huko huchemka mapema.

ONYO: Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Hata kwa kitambaa, hata "kidogo tu". Kulanti iliyobanwa kwa nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo inapopata upenyo, na njia yake ya kutokea ni usoni kwako.

Kisha oili ya gia boksi, ile ATF. Kama gari lina dipstiki yake, kwa kawaida hupimwa oili ikiwa ya moto, injini ikiwa imewashwa, gari likiwa sehemu tambarare, gia kwenye P (zipo zinazotaka N, soma kitabu). Kama haina dipstiki, hupimwa kwa kufungua nati ya pembeni oili ikiwa kwenye joto maalumu lililotajwa na mtengenezaji. Hiyo mwachie fundi mwenye skana. Oili nzima kwa kawaida huwa nyekundu na hupitisha mwanga. Ikiwa kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, imeshapikwa. Usijaze kupita alama ukidhani unaiongezea ubaridi: ikizidi hupigwa na gia zinazozunguka, ikatoa povu, na povu halipozi wala halishiki shinikizo.

2. Fungulia hewa njia

Mulika tochi kupitia grili. Mbele utaona kondensa ya AC, nyuma yake rejeta, na mara nyingine kuna kipozaji kidogo cha gia boksi mbele ya vyote. Pikapu zinazopita kwenye matope huziba katikati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo huwezi kuona kutoka mbele. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje, injini ikiwa imepoa. Mashine ya shinikizo kubwa hulaza mapezi yale ya aluminiamu, na pezi lililolala ni sawa na ukuta.

Ondoa pia ulivyoweka mwenyewe. Taa kubwa za ziada nne juu ya bampa, wavu wa wadudu, kibao cha namba kilichofungwa katikati ya grili: vyote vinakula hewa. Barabara kuu hutahisi. Kwenye foleni, ambapo feni inavuta kwa shida hewa kidogo iliyopo, utahisi.

Halafu angalia kava la feni, lile la plastiki linaloizunguka nyuma ya rejeta. Hapa nina kidonda changu. Nilihangaika miezi kadhaa na pikapu iliyochemsha mjini tu. Nilibadilisha thermostati (vali inayofungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), nikabadilisha wota pampu, nikafikiria kuiuza. Kumbe fundi aliyefanya kazi ya mkanda aliondoa kava akaona kulirudisha ni usumbufu. Bila kava, feni huvuta hewa ya moto kutoka pembeni, ndani ya boneti, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Niliporudisha kava, tatizo likaisha siku ile ile.

3. Jaribu feni

Usiruke hatua hii hata kama feni "inazunguka". Feni inaweza kuzunguka na isivute.

Kama feni yako inaendeshwa na mkanda na ina klachi ya silikoni katikati: injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe na uzito kidogo. Ukiisukuma ikaendelea kuzunguka mizunguko kadhaa yenyewe, klachi imekufa. Tazama kitovu chake. Mstari wa mafuta yenye vumbi unaotawanyika kutoka katikati maana yake silikoni inavuja. Jaribu tena baada ya injini kupata moto, injini ikiwa IMEZIMWA na funguo mfukoni: sasa inatakiwa iwe nzito zaidi. Barabarani, klachi nzima hujitangaza. Joto likipanda utasikia mvumo kama wa lori, kisha hutulia joto likishuka. Kama miaka yote hujawahi kuusikia mvumo huo kwenye foleni, shuku klachi.

Kama feni ni ya umeme: washa injini, washa AC hadi mwisho. Kwenye magari mengi feni itaanza mara moja. Zima AC, acha injini iungurume hadi joto lifike karibu nyuzi 95 hadi 105, feni ianze yenyewe. Nyingi zina kasi mbili, na kasi ya chini ikifa feni huanza kwa kuchelewa, ikiwa kasi kubwa tu.

Jaribio la karatasi linafaa kwa aina zote mbili. Injini ikiwa ya moto na feni inafanya kazi, weka karatasi ya kawaida mbele ya grili. Inatakiwa inase na kubaki. Ikianguka, hewa haivutwi.

ONYO: Feni ya umeme inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Mikono, tai na mikufu ikae mbali mpaka uchomoe waya wake.

4. Unganisha kifaa na uchague vipimo

Chomeka kifaa, washa swichi, unganisha simu. Joto la kulanti ni kipimo cha kawaida ambacho kila gari la OBD2 hukitoa, kwa hiyo litaonekana bila shida. Joto la gia boksi si la kawaida hivyo. Kila mtengenezaji ana namba zake. Ndani ya programu tafuta orodha ya ziada ya aina ya gari lako, uchague na mwaka unaolingana. Ukiona nyuzi −40 isiyobadilika, hiyo si baridi kali. Ni kifaa kinachosoma namba tupu, kwa hiyo umechagua kipimo ambacho gari lako halina.

Magari mengine hutoa vipimo viwili vya gia boksi: oili inayotoka kwenye toki konveta, na oili iliyopo kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya gia boksi. Weka vyote viwili. Cha kwanza hurukaruka. Unaweza kupanda kilima kifupi kikafika nyuzi 115 na baada ya dakika moja kikarudi 90. Usihangaike nacho. Cha sampu ndicho kinachokuambia hali halisi ya oili yote, nacho hupanda taratibu na kushuka taratibu.

Weka kengele: kulanti nyuzi 108, sampu nyuzi 110. Ukishaweka, acha kuikodolea macho simu. Macho ni ya barabara.

Kama gari lako halitoi kabisa joto la gia boksi, kipimajoto cha kulenga kitakusaidia. Egesha, P, breki ya mkono, zima injini, ulenge ukuta wa sampu ukiwa pembeni ya gari bila kuingia chini. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimajoto. Bandika kipande cha selotepu nyeusi na ulenge hapo.

Ukimaliza safari chomoa kifaa. Kikiachwa wiki nzima gari limeegeshwa, kinaweza kumaliza betri.

5. Lijue gari lako lina tabia gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa na kila mtu, halafu ndiyo inayozaa maswali yote. Namba moja haina maana kama hujui kawaida ya gari lako.

Endesha siku tatu au nne bila kubadilisha chochote. Kila safari andika: joto la hewa ya nje, mzigo, AC ilikuwa imewashwa au la, kulanti ya juu kabisa, gia boksi ya juu kabisa, na ilichukua dakika ngapi kufika hapo. Baada ya siku hizo utaona mchoro. Gari lenye feni ya umeme litakuonyesha msumeno: inapanda hadi 101, feni inawaka, inashuka hadi 94, inapanda tena. Huo ni uzima. Gari lenye feni ya klachi hupanda taratibu na kukaa.

Sasa lile swali la mshale. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi ya kisasa umetengenezwa usitikisike. Kulanti ikiwa nyuzi 80 unasimama katikati, ikiwa 100 bado uko katikati. Ukianza kupanda, joto limeshapanda zamani. Simu na mshale wote wakweli, ila mshale ni mpole mno. Taa nyekundu nayo ni taarifa ya msiba, usiitegemee kama onyo.

6. Weka mipaka yako

Kwa injini: nyuzi 85 hadi 100 ni kawaida. 100 hadi 106 kwenye foleni ya jua kali bado ni sawa kwa magari mengi, na yapo yaliyotengenezwa yafanye kazi humo. Kuanzia 108 chukua hatua. 115 toka barabarani. 118 na kuendelea, zima.

Kwa oili ya gia boksi kwenye sampu: 75 hadi 95 ni nyumbani kwake. 95 hadi 105 inavumilika kwenye foleni au kilima. 105 hadi 115 badilisha uendeshaji. Ikipita 120 simama, maana oili imeanza kupoteza sifa zake. Karibu na 130 na zaidi mipira ya ndani hukakamaa na klachi huanza kuungua. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 au 11 juu ya 80 hupunguza umri wa oili kwa nusu. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini mwelekeo wake ni sahihi: saa moja ya nyuzi 120 inaila oili kuliko safari nyingi za nyuzi 90.

Usishangae gia boksi kukataa kushuka chini ya kulanti. Kwenye pikapu nyingi oili hupozwa ndani ya tangi la rejeta, kwa hiyo haiwezi kuwa baridi kuliko kulanti inayoizunguka. Injini ikipanda, gia boksi inafuata.

7. Endesha foleni kwa akili

Acha nafasi mbele. Badala ya kusogea mita moja, breki, mita moja, breki, ngoja ipatikane nafasi ya kutosha usogee mara moja. Toki konveta huteleza zaidi kwenye kuanza kuondoka, kwa hiyo punguza idadi ya kuondoka. Usijibane nyuma ya basi au lori. Feni yako inavuta moshi wao wa moto.

Ukisimama zaidi ya kama nusu dakika, weka N na ushike breki. Kwenye D huku umekanyaga breki, injini inasukuma oili dhidi ya upande usiozunguka, na nguvu yote hiyo inageuka joto. Kwenye N upande wa pili uko huru. Lakini usiwe mtu wa N kila sekunde tano, kwa sababu kila unaporudisha D klachi za ndani zinashika upya. Kwa nini si P? Baadhi ya gia boksi za zamani hazipeleki oili kwenye kipozaji zikiwa P. N iko salama kwa zote.

Kilimani usilizuie gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta. Hili ndilo kosa linalopika gia boksi haraka kuliko jingine lolote: injini inavuta, magurudumu hayaendi, oili inachemka. Kanyaga breki, au vuta breki ya mkono.

Foleni ikiwa ya kutambaa kilimani na una mzigo, shusha gia kwa mkono, 2 au L, isije ikawa inapanda na kushuka gia kila dakika. Kama gari lina kitufe cha kuvutia tela, kibonye. Gia ya chini ya 4x4, ile 4L, hupunguza sana mtelezo na kwa hiyo joto, ila kwa pikapu ambazo 4x4 yake si ya kudumu itumike kwenye udongo, kokoto au matope tu. Kwenye lami kavu, ukikata kona, ekseli za mbele na nyuma hushindana na kitu kitavunjika.

Wenye gia ya mkono: hamna toki konveta, ila msifurahi sana. Joto lenu liko kwenye klachi. Mguu ukipumzika juu ya pedali, au ukiwa unalishikilia gari kilimani kwa nusu klachi, utanusa jibu.

8. Joto likianza kupanda

Kulanti imefika 108 na inaendelea. Fanya kwa mpangilio huu:

Kwanza zima AC. Kondensa inamwaga joto lake mbele ya rejeta, na kompresa inaibebesha injini mzigo. (Kwenye gari la feni ya umeme, AC huiwasha feni; kama ukizima AC joto linazidi kupanda, feni yako haiwashwi na joto lenyewe. Hiyo ni taarifa kubwa, iandike.)

Pili, fungua vioo, washa hita ya moto kabisa na feni ya ndani hadi mwisho. Utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na huweza kushusha nyuzi kadhaa.

Tatu, ukisimama weka N na upandishe injini kidogo, kama mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa dakika mbili tatu. Wota pampu na feni ya mkanda zitazunguka haraka zaidi. Usipige resi ya 3,000. Hapo unatengeneza joto jipya.

Kama ni gia boksi pekee iliyopanda na injini iko sawa, hita haitafanya mengi. Dawa yake ni N na subira.

9. Likigoma, egesha

Lile swali la kuzima au kutokuzima lina majibu mawili. Kama kulanti ipo, hakuna mvuke na joto liko chini ya 115, usizime haraka: ukizima, pampu husimama na joto lililomo kwenye chuma hupanda zaidi kwa dakika chache. Acha iungurume kwenye N huku ukitazama namba. Lakini ukiona mvuke, au kulanti inamwagika, au namba imefika 118, zima hapo hapo. Bila kulanti pampu haina cha kuzungusha.

ONYO: Joto likishuka GHAFLA kutoka 115 hadi 70, usishangilie. Kihisio kimeachwa kwenye mvuke baada ya kulanti kuisha. Zima mara moja.

Subiri angalau nusu saa, ikiwezekana zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike na ubonyee. Ndipo ufungue. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, wala usimimine ndani maji mengi ya baridi kwa mkupuo. Silinda hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka. Mimina kidogo kidogo, injini ikiwa inaunguruma baada ya kiasi cha kwanza.

MATATIZO NA CHANZO CHAKE

Inachemsha foleni tu, barabara kuu iko safi. Ni hewa: feni, klachi ya feni, rilei, kava, uchafu kati ya kondensa na rejeta. Usianze na wota pampu.

Inachemsha barabara kuu, foleni iko safi. Ni mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, mpira wa chini unanywea ukivutwa, pampu imechoka. Pima uso wa rejeta kwa kipimajoto; sehemu zenye ubaridi usiolingana na jirani zake zimeziba.

Fundi anashauri kung'oa thermostati. Kataa. Kwenye injini nyingi thermostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi daima na sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa. Gari linaendeshwa baridi barabara kuu, linakunywa mafuta, na foleni bado linachemsha. Thermostati mbovu hubadilishwa kwa nzima.

Dizeli inapanda joto ikiwa imesimama tu, bila AC. Hilo si la kawaida hata kidogo. Dizeli ikiunguruma bila kazi hutoa joto dogo sana. Tazama kiwango cha kulanti na gasketi ya silinda hedi kabla ya kingine. Isipokuwa kama gari lina chujio la masizi na liko katikati ya kujisafisha: feni itavuma kwa nguvu na utasikia harufu ya moto, kisha itatulia.

Kulanti inapungua bila kuvuja nje. Asubuhi fungua rejeta, washa injini, angalia mapovu yanayotoka mfululizo. Mipira ya rejeta kuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha gari baridi, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili ya injini yenye rangi ya maziwa: gasketi imeungua. Usiendeshe.

Gia boksi ya moto, injini sawa. Pima kiwango cha oili. Kisha lokapu: ukiwa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, kanyaga mafuta kidogo sana. Mizunguko ikiruka mia kadhaa bila mwendo kuongezeka, lokapu haifungi. Vinginevyo ni mrija wa kipozaji uliojipinda, au kipozaji kilichoziba.

Umefunga kipozaji cha ziada na foleni bado iko vile vile. Kipozaji cha hewa kinahitaji hewa, na kwenye foleni kinapata ile tu inayovutwa na feni ya injini. Kama aliyekifunga aliruka kile cha ndani ya rejeta, mwambie akirudishe: oili ipite kwanza kwenye rejeta, ndipo iende kwenye cha ziada.

Oili ya gia boksi imekuwa ya waridi kama maziwa yenye rangi. Kipozaji cha ndani ya rejeta kimetoboka na kulanti imeingia kwenye gia boksi. Usiliwashe tena gari, hata kwa kulisogeza uani. Klachi za ndani zimebandikwa kwa gundi, na kulanti huilegeza. Liburuzwe hadi gereji magurudumu yanayoendeshwa yakiwa juu, rejeta ibadilishwe, na gia boksi isafishwe yote pamoja na mirija yake.